Kodi yenye kusamehewa nayo ni feza ya raia

Hapa Salamabila kila mutu anajua bei ya gramu ya zahabu. Lakini kuna feza ingine hatuizungumuzie: kodi yenye serkali inaachilia kampani.

Mufano ni Namoya. Mapatano ya 1997 kati ya serkali na Banro, kampani ya Kanada, yaliipa miaka 10 bila kodi, kuanzia uzalishaji. Muchimbo uliingia rasmi katika biashara Januari 2016. Banro imekwisha kuondoka. Sisi tungali hapa. Kusamehe kodi kunaweza kuvuta kazi, ni kweli. Lakini ni musaada wa serkali, sawa na feza ya kutolewa mukononi, na ile feza njo ingejenga masomo na barabara.

Nani anachunga? Tangu 2022 Kongo iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Itifaki yake ya Forodha ya 2004 inaomba inchi yenye kusaidia kampani mpaka kuharibu mashindano ya biashara ijulishe inchi zingine kwa maandishi. Lakini hiyo inalinda biashara kati ya inchi, haiangalie maisha ya kando ya muchimbo.

Basi jicho la kwanza ni letu. Sheria ya madini ya 2018 inapatia sekta ao sheferi ya muchimbo asilimia 15 ya redevansi. Tuulize wakubwa wetu, kwa heshima lakini bila woga: kampani ilisamehewa nini, kwa miaka ngapi, na ile 15 ilifika wapi?