KUKU AMECHANJWA, MBONA AMEKUFA?
Karatasi ya habari kwa wafugaji wa kambini: minyoo na chanjo za mifugo



Mara nyingi baada ya zoezi la kuchanja kuku, swali moja hurudi: "Kuku wangu walitiwa tone la dawa jichoni, na bado mdondo umewamaliza. Chanjo ina faida gani?" Wengine husema chanjo ni maji matupu. Wengine huwaficha kuku wao zoezi linapokuja tena.

Swali hili ni la haki. Kwa familia ya kambini, kuku wawili watatu ni sabuni, ni chumvi, ni madaftari ya watoto, ni chakula cha mgonjwa. Mwenye kuku ana haki ya kujua kwa nini aliyechanjwa anaweza kufa. Sababu ziko kadhaa. Karatasi hii inaeleza moja ambayo wengi hawaijui, nayo unaweza kuiondoa wewe mwenyewe: minyoo na wadudu wengine wanaoishi ndani ya mwili wa mnyama.

CHANJO INAFANYA KAZI GANI?

Chanjo si dawa ya kutibu. Haiui ugonjwa. Kazi yake ni kuufundisha mwili.

Fikiria sungusungu wanaolinda mtaa wako usiku. Ukiwaonyesha mapema sura ya mwizi, siku akija watamtambua na kumkamata kabla hajaingia ndani. Chanjo ndiyo ile sura ya mwizi. Chanjo ya mdondo inayotumika sana vijijini, iitwayo I-2, ina virusi hai vya aina isiyougua kuku. Mwili wa kuku unaviona, unajifunza, kisha unatengeneza kingamwili, yaani askari wa kupambana na mdondo wa kweli.

Zingatia mambo mawili. Kwanza, kujifunza huko huchukua muda, kiasi cha wiki 2. Pili, anayejifunza ni mwili wenyewe. Ukiwa dhaifu au una kazi nyingine, utajifunza vibaya hata kama chanjo ni nzuri na mchanjaji ni hodari.

MINYOO HUIHARIBU CHANJO KWA NJIA GANI?

1. Minyoo hula chakula cha mwili. Kingamwili hutengenezwa kwa chakula kinachojenga mwili, kile kinachopatikana katika kumbikumbi, dagaa na maharage. Kuku wa kambini hapati kingi. Minyoo ikichukua sehemu, kinachobaki hakitoshi kukuza nyama, kutaga mayai na kulisha askari.

2. Minyoo huuvuta ulinzi upande mmoja. Mwili hauwapigi maadui wote kwa njia moja. Una njia ya kupambana na minyoo tumboni, na una njia nyingine ya kupambana na virusi. Tumbo likijaa minyoo, nguvu nyingi huelekea kwenye minyoo. Ni kama sungusungu wote wamekimbilia upande wa bomba la maji kwenye ugomvi. Ukiwaonyesha sura ya mwizi saa ile, nani ataitazama?

3. Minyoo hupooza ulinzi. Mnyoo hutaka kuishi tumboni miezi mingi bila kufukuzwa. Kwa hiyo aina nyingi hutoa vitu vinavyoutuliza ulinzi wa mwili. Utulivu huo humfaa mnyoo, lakini huidhoofisha na kazi ya chanjo.

WATAALAMU WALIONA NINI?

Mwaka 2014 watafiti wa Denmark walitangaza matokeo ya jaribio la kuku. Kuku wengine waliambukizwa minyoo mirefu ya tumbo wakiwa na umri wa wiki 4, wengine hawakuambukizwa. Kisha katika makundi yote mawili walichanja nusu ya kuku dhidi ya mdondo, wakiwa na wiki 10 na tena wiki 13. Mwanzoni baada ya chanjo, kuku wenye minyoo walikuwa na kingamwili chache kuliko wenzao. Walipowekewa virusi vya mdondo vya aina hafifu, virusi vilidumu mdomoni mwao muda mrefu kidogo zaidi.

Tusitie chumvi. Jaribio lile halikusema kwamba kuku mwenye minyoo hapati kinga kabisa. Lilisema kinga yake huanza ikiwa dhaifu. Lakini mdondo ukiingia mtaani wiki chache baada ya zoezi, udhaifu huo waweza kuwa tofauti kati ya kuku aliyepona na kuku aliyekufa.

MBUZI NA NG'OMBE JE?

Hapa wadudu hatari kwa chanjo wako hata ndani ya damu. Mbung'o akimng'ata mnyama humwachia nagana. Tangu miaka ya 1970 watafiti, wakiwemo wa Kenya, waliona kwamba ng'ombe wenye nagana hutengeneza kinga hafifu wakichanjwa, kwa mfano dhidi ya homa ya mapafu ya ng'ombe. Habari njema ni kwamba wanyama waliotibiwa nagana wakati wa kuchanjwa walitengeneza kinga vizuri zaidi. Kwa hiyo kama unachunga karibu na pori lenye mbung'o, mweleze mtaalamu wa mifugo kabla hajachanja.

Mbuzi na kondoo pia wana mnyoo wa tumbo anayenyonya damu. Mnyama aliyenyonywa namna hiyo huwa dhaifu, na anaweza kujifunza chanjo vibaya, hata ile ya sotoka ya mbuzi na kondoo. Chanjo ya sotoka ikishika vizuri, sindano moja humkinga mbuzi kwa miaka 3 au zaidi. Ni hasara kubwa kuipoteza nafasi hiyo kwa sababu ya minyoo.

UTAJUAJE KAMA MNYAMA WAKO ANA MINYOO?

Kuku: anakonda ingawa anakula, kifua kinakuwa kama kisu, kishungi kinapauka, mabawa yanalegea, mayai yanapungua. Ukimchinja, fungua utumbo: minyoo mirefu, myeupe, kama tambi, huonekana kwa macho. Vipande vyeupe kama punje za mchele kwenye kinyesi ni dalili ya tegu.

Mbuzi: vuta kope la chini la jicho utazame ndani. Likiwa jekundu, damu ipo. Likiwa jeupe, damu imepungua. Tazama pia chini ya taya: uvimbe laini kama mfuko wa maji ni dalili ya hatari. Lakini nagana pia hupunguza damu, kwa hiyo usinunue dawa kwa kubahatisha. Mwonyeshe mtaalamu kwanza.

Wengine hawaonyeshi dalili yoyote. Kuku anayezurura akichokora ardhi yenye kinyesi cha kuku wengine, chukulia kwamba ana minyoo.

UFANYE NINI? MPANGO WA WIKI TATU

Chanjo ya I-2 hurudiwa kila baada ya miezi 3 hadi 4. Funga dawa ya minyoo kwenye kalenda hiyo hiyo.

Wiki ya 1: Wape kuku wote dawa ya minyoo. Kama ni dawa ya kuchanganya na maji, waondolee maji jioni. Asubuhi wape maji yenye dawa kabla ya kuwafungulia, na usiwaachie mpaka wamalize. Kuku aliyeachiwa mapema hunywa maji ya dimbwi la bombani na kuiacha dawa. Siku mbili zinazofuata fagia banda kila asubuhi, maana minyoo na mayai yake hutoka kwa kinyesi. Zika kinyesi hicho au kirundike mbali ambako kuku hawafiki.

Wiki ya 2: Wape chakula kizuri kuliko kawaida, hata kama ni kidogo: kumbikumbi, mabaki ya dagaa, majani mabichi. Banda libaki kavu. Mayai ya minyoo hudumu miezi mingi kwenye udongo wenye unyevu na kivuli, lakini jua na ukavu huyaua.

Wiki ya 3: Peleka kuku wote kwenye chanjo, vifaranga pia. Kila mmoja tone moja katika jicho moja. Subiri afumbe na kufumbua jicho kabla ya kumwachia. Chanjo ikishachanganywa, itumike siku hiyo hiyo.

Kwa mbuzi mpango ni ule ule: dawa ya minyoo wiki 2 kabla ya sindano, kwa kipimo cha mtaalamu kulingana na uzito. Mbuzi mwenye mimba changa asipewe albendazoli, maana inaweza kudhuru mimba. Mwambie mtaalamu kama amepandwa karibuni.

MASWALI YANAYOULIZWA MARA NYINGI

Zoezi la chanjo ni kesho na sijawapa kuku dawa. Niwafiche?
La! Wapeleke. Kinga hafifu ni bora kuliko kukosa kinga kabisa. Wape dawa ya minyoo baadaye, kisha usikose chanjo ya awamu ijayo.

Naweza kutumia vidonge nilivyopewa zahanati?
Usitumie. Dawa ile imepimwa kwa ajili ya mwanao, na mwanao anaihitaji. Kipimo cha kubahatisha kwa kuku kinaweza kumdhuru, au kikawa kidogo mno na kuwazoesha minyoo dawa.

Dawa moja inatosha kwa yote?
Haitoshi. Piperazini hutoa minyoo mirefu ya kuku lakini haiondoi tegu. Wala dawa ya minyoo haitibu kuhara damu kwa vifaranga. Ugonjwa huo una dawa yake. Uliza dawa unayonunua inaua nini.

Mayai na nyama baada ya dawa?
Kila dawa ina siku zake za kusubiri kabla ya kula. Soma karatasi yake au muulize mtaalamu.

JE, MINYOO NDIYO SABABU PEKEE?

Hapana. Chanjo inaweza kushindwa kwa sababu iliachwa juani, muda wake ulikwisha, au tone halikuingia jichoni. Inashindwa pia mdondo ukiwa tayari umeingia: kuku aliyekwisha kuambukizwa haponi kwa chanjo, na mdondo hauna dawa. Ndiyo maana tunachanja kabla, si wakati kuku wa jirani wameanza kufa. Ukiona kuku wamekufa baada ya chanjo, usinyamaze wala usiuze waliobaki. Toa taarifa kwa mhudumu wa mifugo wa mtaa ili sababu itafutwe.

JAMBO LA MWISHO: HILI SI LA MTU MMOJA

Kambini nyumba zimekaribiana. Kuku wako huchokora mbele ya nyumba yangu, na wangu mbele ya nyumba yako. Ukitoa minyoo peke yako, kuku wako wataokota mayai ya minyoo ya jirani, na baada ya wiki chache wataijaa tena. Kwa hiyo wenye kuku wa mtaa mmoja wapatane siku moja ya kutoa dawa. Wanaweza kuchanga fedha na kununua chupa moja kubwa, ambayo huwa nafuu kuliko kila mmoja kununua yake. Mwombeni kiongozi wa mtaa aulize tarehe ya chanjo mapema, mhesabu wiki 2 kurudi nyuma, na siku hiyo ndiyo iwe siku ya dawa.

KUMBUKA
- Chanjo hufundisha mwili. Mwili wenye minyoo hujifunza vibaya.
- Toa minyoo wiki 2 kabla ya chanjo.
- Usikose chanjo kwa sababu umechelewa kutoa minyoo.
- Banda kavu, kinyesi mbali.
- Mtaa mzima siku moja.
- Fuga mifugo inayoruhusiwa na taratibu za kambi tu.

Ukishasoma, msomee jirani asiyejua kusoma, kisha mpe mwingine karatasi hii.