Likizo ya watoto bila kugusa gunia la chakula

Shule zikifungwa mwezi Juni, swali la watoto katika nyumba nyingi za Kasulu na Kibondo huwa lile lile: mwaka huu tunakwenda wapi? Simu za mkononi zimelifanya swali hilo kuwa zito zaidi. Mtoto wa Heru Juu au wa Mabamba anaona picha za wenzake wakiteleza kwenye mabomba ya maji kule Kunduchi, Dar es Salaam, naye anataka. Hana kosa. Mtoto kazi yake kutaka, mzazi kazi yake kupiga hesabu.

Wazazi wengi huanzia hesabu mahali pasipo sahihi. Wanauliza kiingilio cha sehemu ya michezo ni kiasi gani, kisha wanaona kumbe si pesa ya kutisha. Lakini kwa familia ya baba, mama na watoto watatu, kwenda na kurudi ni tiketi kumi. Kutoka Kasulu hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200, safari inayoweza kula mchana na usiku. Kuna chakula cha njiani kwa vinywa vitano, maji, vyoo vya kulipia, bajaji za mjini na malazi. Ukifika getini kwenye mabomba ya maji, sehemu kubwa ya fedha imekwisha kuliwa na barabara. Na ndani ya geti, sehemu nyingi za namna hiyo haziruhusu chakula kutoka nje, kwa hiyo chipsi na soda utanunua kwa bei yao.

Kwa watu wa nyanda za juu za Kigoma kuna hatari nyingine. Likizo ya Juni huangukia wakati mahindi na maharage ya msimu wa pili yanatoka shambani. Fedha inaonekana ipo. Ni rahisi kumwita mnunuzi, akapima magunia matatu kwa bei ya mavuno ambayo huwa ya chini, na familia ikapanda basi. Miezi michache baadaye nyumba hiyo hiyo inanunua mahindi sokoni kwa bei ya njaa, na Januari sare, madaftari na michango ya shule inasubiri. Wengine hawauzi gunia, wanakopa. Mkopo wa kausha damu uliochukuliwa kwa ajili ya siku tatu za furaha unaweza kulipwa kwa mbuzi, baiskeli, au godoro alilolalia mtoto yule yule aliyekwenda kutembea.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua mahali, fedha ya safari itengwe na fedha ya chakula. Shilingi 5,000 kwa wiki, kuanzia shule zinapofunguliwa Julai, kwa wiki 40 ni shilingi 200,000 kabla ya likizo inayofuata. Anayeweza shilingi 3,000 atakuwa na 120,000. Kibubu cha mbao kinafaa kama hakuna mtu nyumbani mwenye tabia ya kukitikisa. Hisa za VICOBA zinafaa zaidi kwa sababu fedha haishikiki kila siku, mradi mgao wa mwisho wa mzunguko uangukie kabla ya Juni na si Desemba. Anayeweka kwenye simu akumbuke makato ya kutoa.

Watoto nao waambiwe kiasi kilichopo. Mtoto wa darasa la nne anajua kujumlisha. Akijua safari ina shilingi 150,000 na nauli inachukua nusu, hataomba soda ya tatu kwa moyo mkunjufu kama yule anayedhani mfuko wa baba hauna mwisho.

Ziwa liko mlangoni

Swali la mahali lina jibu lililo karibu sana kiasi kwamba watu hawalioni. Kutoka Kasulu hadi Kigoma mjini ni kama kilomita 100. Wa Kibondo wana njia ndefu zaidi, lakini nao wanaweza kuondoka alfajiri wakafika mchana wa siku hiyo hiyo. Chini huko kuna Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita zipatazo 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal la Urusi. Wapo watoto wa wilaya hizi mbili wanaoandika habari zake kwenye mtihani bila kuwahi kulowesha mguu ndani yake.

Mtoto aliyezoea baridi ya milimani anapoteremka hadi kwenye joto la Kigoma, akaona maji yasiyo na ng'ambo kukiwa na ukungu, hahitaji bomba la plastiki la kutelezea. Mchanga unamtosha mpaka jioni. Ufukwe wa Jakobsen, nje kidogo ya mji, unajulikana kwa maji yake maangavu. Una kiingilio, hivyo piga simu au tuma mtu aulize mapema: mtu mzima kiasi gani, mtoto kiasi gani, na je, chakula cha kubeba kinaruhusiwa?

Kuogelea kuna masharti ambayo si ya kubana matumizi. Epuka sehemu zenye majani na maji yaliyotuama, kwa sababu ya kichocho. Uliza wenyeji kuhusu mamba na viboko kabla mtoto hajaingia, na mtu mzima mmoja akae akitazama maji tu, bila simu mkononi. Kiangazi upepo wa kusi huchafua ziwa, hasa mchana, kwa hiyo michezo ya maji iwe asubuhi. Matibabu ya dharura ni ghali kuliko safari nzima.

Mchana jua likiwa kali, nendeni Ujiji. Ni daladala tu kutoka mjini. Hapo ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, na makumbusho yapo mahali penyewe pamoja na sanamu za wawili hao. Lakini mzazi asiishie kwa wazungu wawili. Ujiji ilikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Bagamoyo, na watu waliofungwa minyororo walipitishwa hapo kuelekea pwani. Miembe ile watoto wanayotaka kuipanda ina habari ya kusimulia, na kuisimulia ni bure. Bure pia ni kulitazama jengo la stesheni ya Kigoma lililoachwa na Wajerumani, ambao reli yao ilifika mjini hapo mwaka 1914.

Gombe inataka tahadhari. Hifadhi iko kaskazini mwa mji na hufikiwa kwa boti tu. Mtanzania hulipa kwa shilingi, kiwango cha chini sana kuliko cha mgeni wa dola, na mtoto wa chini ya miaka mitano halipi kiingilio. Kinachopandisha gharama ni boti. Boti ya kukodi kwa familia moja inaweza kumeza bajeti yote, ndiyo maana wengi hujiunga na kikundi au hupanda boti za abiria zinazotoka Kibirizi. Zaidi ya hapo, watoto wadogo hawaruhusiwi kuwafuata sokwe msituni. Ulizia umri unaokubaliwa kabla ya kulipa chochote, usije ukafika na mtoto wa miaka minane aliyeahidiwa sokwe akaishia kuchezea kokoto. Familia yenye watoto wadogo iiache Gombe kwa sasa. Itakuwepo wakikua.

Panapovuja fedha

Usiku mmoja unatosha. Wa Kasulu akitoka alfajiri Jumatano, akalala mara moja, akarudi Alhamisi alasiri, amepata mchana mbili kwa gharama ya chumba cha usiku mmoja. Katikati ya wiki ni rahisi kupatana bei ya gesti kuliko Jumamosi. Gesti za Mwanga na za mitaa ya ndani huwa nafuu kuliko hoteli zinazotazama ziwa, na ziwa lenyewe halitozi ukilitazama kwa miguu. Kagua chandarua kabla ya kulipa.

Chakula ndicho kinachovuja zaidi, kwa sababu hutoka kidogo kidogo. Chapati, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu, karanga na chai ndani ya chupa huibeba familia siku nzima ya kwanza. Dumu la maji ya kunywa liko nyumbani, kwa nini kununua chupa kumi? Halafu mlo mmoja mzuri wa kununua, ugali na mgebuka wa kukaanga, wote mkae mezani na msibane. Safari isiyo na hata mlo mmoja wa kununua watoto huihesabu kama adhabu.

Nauli ina njia yake. Majirani watano au sita wakiungana wanaweza kukodi Coaster, wakagawana gharama na kuondoka saa wanayotaka. Hakikisheni gari lina kibali cha kukodiwa, na bei iandikwe ikiwa pamoja na mafuta na kulala kwa dereva. Bila maandishi, mafuta yatapanda bei mkiwa njiani.

Kwa familia ambayo lazima iende Dar es Salaam, tuseme kuna harusi au mgonjwa, safari hiyo hiyo iwe ndiyo likizo. Treni ya umeme iliyoanza mwaka 2024 kati ya Dar es Salaam na Dodoma humtoza mtoto wa miaka 4 hadi 12 nusu nauli, na wa chini ya hapo hasafirishwi kwa malipo. Kwa nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa ilipoanza, shilingi 31,000, wazazi wawili wenye watoto wa miaka minane, sita na mitatu hulipa shilingi 93,000 kutoka Dodoma. Si lazima iwe nafuu kuliko basi, ila kwa mtoto treni yenyewe ni bembea tosha. Mkifikia kwa ndugu, bebeni maharage, mawese na asali, na mjue siku ya kuondoka kabla ya kufika. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Wanaorudi kutoka Kigoma wapitie Kibirizi asubuhi ya kuondoka, dagaa wakiwa wameanikwa. Bei ya pale na bei ya soko la Kibondo hazifanani. Kilo chache za kula nyumbani, na chache za kumuuzia jirani aliyeagiza mapema, hurudisha sehemu ya nauli. Zifungwe vizuri tu, maana konda akisikia harufu atadai nauli ya abiria wa sita.