Kisima Nacho ni Lindo

Katika shule ya kadeti nilifundishwa kulinda ghala la silaha, daraja na lango la kambi. Kisima hakikutajwa. Hata hivyo, askari na polisi pamoja na jamaa zao mara nyingi hunywa maji yale yale wanywayo majirani wa kambi, na vijidudu vya kipindupindu havitambui cheo cha mtu.

Mwaka 1854, katika mtaa wa Broad Street mjini London, watu zaidi ya 600 walikufa kwa ugonjwa huo. Daktari John Snow alionyesha kuwa chanzo kilikuwa kisima cha mtaa, na tarehe 8 Septemba mkono wa pampu yake ukang'olewa. Ardhi ilipochimbuliwa baadaye, ilionekana kuwa shimo la kinyesi la nyumba ya jirani lilikuwa likivuja, nalo lilikuwa karibu na kisima kwa umbali usiotimia mita moja.

Kutibu kisima si kumwaga dawa kwa kukisia. Kwanza maji, tope na takataka hutolewa na kuta kusuguliwa, kwa kuwa klorini hupoteza nguvu katika uchafu. Maji yakisharudi, hupimwa. Kisima cha duara chenye upana wa mita 1 na maji ya kina cha mita 3 kina lita 2,360 hivi. Kwa kipimo cha miligramu 100 za klorini kwa kila lita, yahitajika karibu gramu 340 za unga wa klorini wenye nguvu ya asilimia 70. Unga huyeyushwa katika ndoo ya plastiki, mahali penye hewa, kisha humiminwa kisimani na kuachwa usiku kucha. Asiteke mtu yeyote! Asubuhi maji hutolewa mpaka klorini isizidi nusu miligramu kwa lita.

Hapo ndipo wengi wetu hukosea, tukamwarifu mkubwa kwamba kazi imekwisha. Klorini haidumu kisimani, na ndoo moja iliyolazwa matopeni yatosha kurudisha ugonjwa. Kwa hiyo wakati wa mlipuko ni afadhali awekwe mtu kisimani, atie kipimo cha dawa katika kila ndoo itekwayo, na mwenye ndoo angoje nusu saa kabla ya kunywa. Kamba na ndoo ya kutekea viwe vya kisima hicho tu, vikining'inizwa juu. Zamu hiyo haina bunduki wala saluti, na kwa kweli huchosha; mwenye zamu apewe kivuli, naye abadilishwe kwa wakati.