Nyimbo za Neil Young kwa gitaa: pesa yako iende wapi

Beti za "Heart of Gold" zinapigwa kwa kodi nne: E maina, C, D na G. Hizo ni kodi za gitaa, si za TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, kwa hiyo hakuna anayekudai, na mtoto wa sekondari anaweza kuzishika ndani ya wiki mbili. Hata hivyo soko limejaa watu wanaotaka kukuuzia kodi hizo hizo nne kwa ada ya kila mwezi. Hoja yangu ni kwamba ukitaka kujifunza nyimbo za Neil Young, usilipie kodi. Lipia gitaa lisiloumiza vidole, mtu wa kukunyoosha mkono wa kulia, na hadithi za nyimbo zilizosimuliwa na anayezijua. Bei nitakazotaja ni za Marekani na Kanada, kwa makadirio, maana hupanda na kushuka.

Young alizaliwa Toronto, Kanada, mwaka 1945, akalelewa kwa muda katika mji mdogo wa Omemee, kisha akaanzia bendi Winnipeg. Mwaka 1966 aliendesha gari la kubebea maiti hadi Los Angeles, na huko ikazaliwa Buffalo Springfield. Baadaye zikaja Crosby, Stills, Nash & Young, bendi yake ya Crazy Horse, na kazi nyingi za peke yake akiwa na gitaa kavu na harmonika. Aliyekulia kwenye solo za mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe atashangaa kidogo. Hapa mkono wa kushoto haupandi juu ya shingo kutafuta maua. Solo maarufu ya "Cinnamon Girl" ni noti moja inayogongwa na kugongwa. Kazi yote iko mkono wa kulia: unapiga kwenda chini kwa uzito, unakata sauti kwa kiganja, unaacha besi itembee.

Tuanze na njia ya bure, kwa sababu wengi wataanzia hapo. Kurasa za mtandaoni zenye maneno na kodi juu yake zimeandikwa na mashabiki, na kwa Young herufi huwa sahihi mara nyingi. Zinapokosea, hukosea kwenye tyuni. "Cinnamon Girl" na "Ohio" zinapigwa kwa gitaa ambalo waya wa kwanza na wa sita, zote mbili za E, zimeshushwa hadi D. Ukurasa usiokuambia hilo utakufanya upambane na vidole jioni nzima, ukidhani huna kipaji. Kwa hiyo kabla hujaanza kupiga, angalia juu ya ukurasa kama tyuni imetajwa. Kama haikutajwa, hamia mwingine. Kwa misingi, yaani kubadilisha kodi, kushika mdundo na kusoma chati ya nyuzi, masomo ya bure ya JustinGuitar yanatosha kabisa, na sijaona sababu ya mwanafunzi wa mwanzo kulipa kabla hajayamaliza. Programu ya kutyuni ya simu nayo ni bure.

Kitabu cha nyimbo ni dola 20 hadi 30. Kuna aina mbili, na duka halikuelezi tofauti vizuri. Ya kwanza ni ya kuimbia: melodi, maneno, na vijichoro vya kodi. Hiyo usinunue, kwa sababu ni kile kile kilichoko bure, safari hii kikiwa na jalada zuri. Ya pili imeandikwa noti kwa noti kutoka kwenye rekodi, waya kwa waya. Hiyo ndiyo yenye thamani, hasa kwa "The Needle and the Damage Done", ambako besi inashuka hatua kwa hatua chini ya kodi ya D na utamu wote uko kwenye ule mteremko. Fungua kurasa tatu za mfano kabla ya kulipa. Usipoona mistari sita ya nyuzi yenye namba, rudisha rafuni. Wimbo mmoja mmoja kwa faili la kupakua huuzwa kati ya dola 4 na 6, hivyo nyimbo kumi zinazidi bei ya kitabu kizima. Lakini kwa msomaji aliye Dar au Mombasa, nauli ya kusafirisha kitabu cha karatasi inaweza kuzidi kitabu chenyewe, na hapo faili la kupakua ndilo linaloshinda. Walioko Kenya wanaweza kulipa kwa kadi ya mtandaoni ya M-Pesa bila kuwa na akaunti ya benki.

Programu za kujifunzia za kulipia ni dola 10 hadi 20 kwa mwezi, nafuu kidogo ukilipa mwaka mzima. Kwa anayetaka kurukaruka kati ya wasanii hamsini, sawa. Kwa anayemtaka msanii mmoja, naona ni hasara. Programu inaweza kusikia kama umepiga G kwa wakati, lakini haisikii kama umeipiga kama mtu aliyekasirika au kama mtu aliyechoka. Tena kilichomo leo kinaweza kuondolewa kesho, haki zikibadilika mikono. Young mwenyewe alitoa somo hilo Januari 2022, alipoondoa muziki wake Spotify kupinga kipindi cha Joe Rogan kilichorushwa na Spotify na yaliyokuwa yakisemwa humo kuhusu chanjo za Uviko. Hakurudi hadi Machi 2024. Kwa miaka miwili hiyo, aliyekuwa akijifunza kwa kusikiliza Spotify alibaki bila mwalimu, na aliyekuwa na CD ya albamu yake ya Harvest hata hakujua kuna ugomvi.

Mwalimu wa ana kwa ana hutoza kama dola 30 hadi 40 kwa nusu saa. Ukifanya hesabu haraka utaona masomo manne ni sawa na ada ya mwaka wa programu ya bei nafuu, na wengi hukimbilia programu. Mimi ningechukua hayo manne na kuacha mwaka. Usiende kuuliza "unifundishe gitaa". Nenda na wimbo ambao tayari unajua kodi zake, piga, umwambie aangalie mkono wa kulia tu. Somo moja la "Heart of Gold", moja la "Old Man", moja la "Needle", na la mwisho la kitu chochote kinachokushinda. Acha wiki tatu kati ya somo na somo, maana bila mazoezi unamlipa mtu akutazame ukikosea kosa lile lile. Walimu wa kwa video huwa nafuu zaidi, ila sharti kamera ikae usawa wa mkono.

Sasa chombo. Young anapiga Martin D-28 ya mwaka 1941 iliyowahi kuwa ya Hank Williams, mfalme wa muziki wa kantri. Ukinunua D-28 mpya leo, toa zaidi ya dola 3,000. Yamaha FG800, ambayo ni gitaa la kawaida lenye umbo linalokaribiana na hilo, ni kama dola 200 na kidogo. Tofauti ya sauti ipo, si ya kubuni. Lakini kwa mtu anayejifunza, nyongeza ya kwanza isiende kwenye jina, iende kwa fundi. Gitaa la bei rahisi huja nyuzi zikiwa juu mno ya shingo. Fundi akichonga daraja na kurekebisha shingo kwa dola 60 hadi 100, kodi ya F inaacha kuwa adhabu. Seti ya nyuzi ni dola 8 hadi 15. Nunua nyembamba, kwa sababu Young anapiga kwa nguvu na wewe utaanza kwa vidole laini.

Kapo, kile kibano cha kubana nyuzi shingoni, unaweza kuiacha dukani kwa sasa. Nyimbo zake nyingi za mwanzo hupigwa bila kapo, na shida utakayokutana nayo ni ya upande mwingine: sauti yake iko juu sana, karibu ya mtoto, na wanaume wengi hawaifikii. Kapo inapandisha, haishushi. Dawa ni kulegeza nyuzi zote sita kwa hatua nzima, ambayo haigharimu senti. Kodi unashika zile zile, na koo linapumua.

Harmonika ndiyo gharama ambayo watu huisahau. "Heart of Gold" inataka ya ufunguo wa G. "My My, Hey Hey" inataka ya C. Usinunue seti ya funguo saba za plastiki kwa bei ya moja, kwa kuwa zinavuja hewa na utadhani mapafu yako ndiyo mabovu. Nunua moja nzuri ya G, kwa mfano Hohner Marine Band, dola 40 hadi 50, pamoja na kishikio cha shingoni cha dola 15 au 20. Ya C ingoje.

Hadithi za nyimbo ni sehemu ambayo bure inaweza kukugharimu zaidi. Chukua "The Needle and the Damage Done". Utasomewa kila mahali kwamba ni wimbo wa kumlilia Danny Whitten, mpiga gitaa wa Crazy Horse aliyekufa kwa dawa za kulevya. Angalia tarehe. Rekodi iliyomo kwenye Harvest ilifanyika jukwaani Royce Hall, katika chuo cha UCLA, Januari 1971. Albamu ikatoka Februari 1972. Whitten alifariki Novemba 1972, muda mfupi baada ya Young kumwondoa kwenye mazoezi na kumpa tiketi ya ndege na dola 50. Kwa hiyo wimbo si wa msiba. Ni wimbo wa mtu anayemwona rafiki yake akizama huku angali hai. Hilo linabadilisha namna unavyoupiga. Aliyedhani ni kilio cha mazishi huupiga taratibu na kwa huzuni nzito, wakati kwenye rekodi unakwenda haraka, hauzidi dakika mbili na kidogo, na unakatika ghafla.

"Old Man" nayo hufikiriwa kuwa ya baba yake. Ni ya Louis Avila, mtunzaji wa shamba la Broken Arrow huko California, ambalo Young alilinunua mwaka 1970 kwa dola 350,000. Mzee alimzungusha shambani kwa jipu kuukuu huku akijiuliza kijana wa miaka ishirini na kitu kapata wapi pesa zote hizo. Na "Ohio" iliandikwa siku chache baada ya askari wa National Guard kuua wanafunzi wanne katika chuo cha Kent State tarehe 4 Mei 1970. Ilirekodiwa mwezi huo huo na mwezi uliofuata ilikuwa redioni, kwa hiyo ukiipiga kwa upole unaipotosha.

Wapi upate mambo haya kwa bei ya haki? Kuna vitabu viwili. Shakey cha Jimmy McDonough, cha 2002, ni kinene, kina mahojiano marefu, na kuchapishwa kwake kulicheleweshwa na ugomvi kati ya mwandishi na mwimbaji, jambo ambalo kwangu ni sifa. Waging Heavy Peace cha 2012 kimeandikwa na Young mwenyewe, na kinarukaruka kati ya magari, treni za kuchezea na sauti za dijitali. Kama unataka nyimbo, chukua Shakey, kilichotumika, chini ya dola 15. Kama uko Kanada au Marekani, usinunue chochote kabla ya kupita maktaba ya umma, ambapo kadi haina malipo na vitabu vya sauti hupatikana kwenye simu kupitia Libby. Tovuti yake ya Neil Young Archives ilipoanza kutoza mwaka 2018 ilidai dola 1.99 kwa mwezi au 19.99 kwa mwaka. Ni hazina kwa anayependa kuchimba, ila haikufundishi kidole kiende wapi.

Ningeambiwa nichague kitu kimoja cha kununua, kingekuwa Live at Massey Hall 1971, onyesho la Toronto lililotoka kwenye CD mwaka 2007. Ni mtu mmoja, gitaa kavu na piano. Hakuna ngoma inayokufichia mdundo. Anazungumza kati ya nyimbo, na anapiga "Old Man" kabla ulimwengu haujaisikia, huku "Heart of Gold" ikiwa bado kipande cha wimbo wa piano. Mwalimu wa gitaa na msimulizi wa hadithi wako kwenye diski moja isiyofika dola 20. Filamu ya Jonathan Demme iitwayo Heart of Gold, iliyopigwa Ryman Auditorium, Nashville, mwaka 2005, inafuata kwa karibu. Humo unaiona mikono, na Young anasimulia mwenyewe habari za mzee Avila na za gitaa la Hank Williams.

Ukishafika hapo utataka "Harvest Moon", ya mwaka 1992. Shusha waya mnene hadi D, jifunze kugusa nyuzi kwa wepesi kwenye freti ya 12 zilie kama kengele, na usitafute ni ala gani inayotoa ule mchakacho laini unaosikika nyuma kwenye mdundo. Ni ufagio, uliofagiwa studio na Larry Cragg, fundi wake wa magitaa. Huo, angalau, umo nyumbani tayari.