Ziwa Kivu: Hesabu ya mwezi inayomwonyesha mvuvi saa za giza

Kila mwezi kuna siku ambazo taa za wavuvi zinakuwa chache sana juu ya Ziwa Kivu. Si mgomo, wala si amri ya serikali. Ni mbalamwezi.

Sambaza huvuliwa usiku kwa taa. Vijidudu vya majini vinakusanyika penye mwangaza, samaki wanavifuata, kisha wavu unainuliwa kutoka chini, katikati ya mitumbwi iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu. Mwezi ukijaa, ziwa zima linang'aa, taa inapoteza nguvu na samaki wanatawanyika. Kwa karibu juma zima wavuvi wengi hubaki nchi kavu, na sambaza inapungua sokoni Bukavu na Goma. Wavuvi wa ndakala wa Uvira na Kalemie, kwenye Ziwa Tanganyika, wanaishi hali hiyo hiyo. Kwa mtu mwenye deni la mafuta ya taa au pesa ya masomo ya watoto, ni faida kujua siku hizo kabla hazijafika.

Wengi huamini kwamba kivuli cha dunia ndicho kinachoukata mwezi. Sivyo. Kivuli hicho kinaugusa siku ya kupatwa kwa mwezi tu. Jua linaangaza nusu ya mwezi muda wote, na kinachobadilika ni sehemu ya nusu hiyo inayoonekana kutoka duniani wakati mwezi unapozunguka. Mzunguko wenyewe ni siku 27 na theluthi hivi. Lakini katika muda huo dunia nayo imesogea katika safari yake ya kuzunguka jua, kwa hiyo mwezi unahitaji siku mbili zaidi ili urudi upande wa jua. Ndiyo maana kutoka giza la mwezi hadi giza lingine ni siku 29,53 kwa wastani.

Vitabu vya Kifaransa vinafundisha kutazama herufi: mwezi ukifanana na p, ni robo ya kwanza, ukifanana na d, ni robo ya mwisho. Mbinu hiyo ni nzuri Ulaya. Huku karibu na ikweta mwezi mchanga unalala chali kama mtumbwi, na mwanafunzi anabaki akitafuta herufi ambayo haipo. Afadhali kutazama saa: mwezi unaoonekana magharibi jua linapozama unakua, unaoonekana mashariki alfajiri unapungua.

Kuhesabu hakuhitaji mashine kubwa. Inatosha kuwa na giza moja la mwezi linalojulikana, kwa mfano lile la tarehe 6 Januari 2000, karibu saa mbili na robo usiku kwa saa za Bukavu. Unahesabu siku zilizopita tangu hapo, unagawanya kwa 29,53, na siku zinazobaki ndizo umri wa mwezi. Zikiwa karibu 0, ni giza. Zikiwa 7 na kidogo, ni robo ya kwanza. Zikifika karibu 15, mwezi umejaa, na kwenye 22 ni robo ya mwisho.

Chukua tarehe 30 Juni 2010, Kongo iliposherehekea miaka 50 ya uhuru. Toka 6 Januari 2000 ni siku 3.828. Ndani yake mna miezi 129 kamili, na zinabaki siku 18 na nusu hivi. Basi mwezi ulikuwa umejaa karibu siku nne kabla, yaani tarehe 26 Juni, na kweli ulijaa siku hiyo.

Kwa mvuvi, faida kubwa iko hapa. Mwezi uliojaa huchomoza karibu saa kumi na mbili jioni, jua linapozama. Kila siku inayofuata unachelewa kwa dakika 50 hivi. Jioni ile ya 30 Juni, baada ya siku nne, ulichelewa zaidi ya saa tatu: ziwa lilikuwa na giza hadi baada ya saa tatu usiku. Hizo ni saa za kazi. Kabla ya mwezi kujaa mambo yanageuka: mwezi upo tangu jioni, unazama usiku wa manane au karibu na alfajiri, na giza linakuja baadaye. Anayejua umri wa mwezi anajua kama ataondoka mapema au atalala kwanza.

Kwa mwaka mzima kuna njia fupi. Miezi 12 ya angani ni siku 354, kwa hiyo mwaka unaofuata mwezi hujaa karibu siku 11 mapema. Ndiyo sababu pia Ramadhani husogea kila mwaka kwa Waislamu wa Kasongo na Kindu. Na baada ya miaka 19 tarehe hurudi karibu palepale: giza la 6 Januari 2000 lilirudi tarehe 6 Januari 2019.

Hesabu hii ya wastani inaweza kukosea kwa zaidi kidogo ya nusu siku, kwa sababu mwezi hauendi kwa mwendo mmoja. Unakimbia ukiwa karibu na dunia na kupunguza mwendo ukiwa mbali. Mwanaastronomia hatakubali kosa hilo. Mvuvi anayepanga juma lake anaweza kulivumilia, hasa wakati wa mvua, ambapo mawingu yanaficha mwezi usiku mfululizo na hesabu pekee ndiyo inayobaki.