Sweta la Makutupora

Kila vijana waliohitimu kidato cha sita wanapopangiwa makambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), wazazi wa Nkuhungu huniuliza jambo lilelile: "Mwanangu kapelekwa Makutupora, hapahapa Dodoma kwenye joto. Sweta la nini tena?" Kazi yangu ni hali ya hewa, na swali hili limenichosha. Anayelipia jibu lake ni kijana, saa 11 alfajiri, akiwa kwenye mchakamchaka na fulana iliyolowa jasho.

Tatizo linaanzia kwenye orodha ya vifaa. Bukta ya bluu iliyokoza, fulana ya kijani, raba, shuka mbili, soksi ndefu nyeusi: vyote vimetajwa hadi rangi. Ikifika zamu ya baridi, tangazo linasema tu kwamba waliopangiwa makambi yaliyoko mikoa yenye baridi wabebe nguo za kuzuia baridi. Mikoa ipi? Mzazi anaachiwa aamue mwenyewe, naye anaamua kwa sifa: Iringa baridi, Dodoma joto, basi.

Sifa hiyo ya Dodoma ni ya saa 8 mchana. Kuruta haamshwi saa 8 mchana. Mwezi Julai joto la hapa hupanda hadi nyuzi 26 au 27, kisha usiku hushuka hadi 13 au 14, na siku nyingine chini ya hapo. Dar es Salaam mwezi huohuo usiku huishia kwenye 18 au 19. Kijana aliyekulia Temeke akifika Makutupora na bukta na fulana tu, hajaja kwenye joto hata kidogo.

"Lakini Dodoma ni jangwa." Si jangwa. Ni nyanda kame inayopata mvua ya milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Na hata ingekuwa jangwa, hoja hiyo ingempinga anayeitoa, maana ukame ndio unaoleta baridi ya usiku. Mawingu na mvuke hulifunika joto la ardhi kama blanketi. Hapa mwezi Julai anga ni tupu na hewa ni kavu, kwa hiyo joto lililokusanywa mchana kutwa linapotea angani mara jua likizama, na linaendelea kupotea hadi karibu na mapambazuko. Juu ya hapo mji umekaa mita 1,100 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na kila mita 1,000 za kupanda hupunguza takriban nyuzi 6. Kisha kuna upepo wa kusini-mashariki, ambao kila mkazi wa Dodoma anaujua kwa vumbi lake. Upepo huo na hewa kavu hukausha jasho haraka, na jasho linapokauka huondoka na joto la mwili. Kipimajoto kinasoma 14. Kijana aliyetoka kukimbia na sasa amesimamishwa kwenye mstari anahisi baridi kali kuliko hiyo.

Na mkoa hauna hali ya hewa moja. Iringa ina Mafinga, karibu mita 1,900, na ina Pawaga bondeni, ambako joto ni la kweli. Kilimanjaro ina Marangu na ina Same. Kinachoamua ni mwinuko wa kambi na mwezi wa mafunzo. Tangu mafunzo ya JKT kwa mujibu wa sheria yarejeshwe mwaka 2013, baada ya kusitishwa 1994, wahitimu wa kidato cha sita wamezoeleka kuwa kambini Juni hadi Agosti, katikati ya kipupwe. Ingekuwa Novemba nisingebishana na mtu.

Tangazo lingeandika joto la chini kabisa la kila kambi kwa miezi hiyo, ubishi ungekwisha. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wa kipupwe kila mwaka, takwimu zipo.

Kwa sasa, fanyeni hivi. Tafuteni mwinuko wa kambi. Ukizidi mita 1,000, nunueni sweta, la mtumba linafaa, mradi ni la sufu, lisiwe la pamba linaloshika jasho. Trakisuti iwe pana kidogo, fulana mbili ziingie ndani. Jaketi moja zito liacheni dukani. Nguo mbili nyepesi zinavulika jua likipanda. Kofia ya kufuma ya kulalia, mafuta ya midomo, soksi za ziada. Wa kambi za Mafinga na Oljoro waongeze vesti nzito ya ndani. Wa kambi ya Ruvu, fedha ya sweta ihamishieni kwenye fulana za akiba: kule hewa ina unyevu na nguo hukauka polepole.