Vita Vilivyoingia Ghalani

Mpagazi wa jeshi alibeba mzigo wa kilo 25 hivi, naye alihitaji karibu kilo moja ya chakula kwa siku. Akitembea siku 12 kwenda na siku 12 kurudi akiwa amebeba unga, mzigo karibu wote umeishia tumboni mwake, na askari anayemngojea huko mbele hajapata kitu. Hesabu hiyo ndogo inaeleza Vita Vikuu vya Kwanza hapa Afrika Mashariki vizuri kuliko majina ya majenerali. Reli zilikuwa chache, barabara za magari karibu hazikuwapo, na mbung'o waliua farasi na ng'ombe wa kukokota maelfu kwa maelfu. Ikabaki migongo ya watu. Waingereza peke yao waliandikisha wapagazi wapatao milioni moja, na hesabu yao rasmi ilikiri kwamba zaidi ya 95,000 walikufa. Wajerumani na Wabelgiji nao walikuwa na wapagazi wao. Tumezoea kusimulia vita hivyo kwa kuanzia mapigano ya Tanga mwezi Novemba 1914 na kumalizia kwa Jenerali Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, kusalimu amri huko Abercorn, Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba 1918. Masimulizi hayo ni ya kweli, lakini yanaacha nje sehemu kubwa ya mambo, maana vita vile vililishwa na akiba ya kaya: ng'ombe wa zizini, nafaka ya ghalani, mbegu ya msimu ujao na nguvu za vijana. Kwa sababu hiyo walioumia zaidi hawakuwahi kushika bunduki, na kwa sababu hiyo hiyo mateso hayakukoma mizinga iliponyamaza.

Tuanze na nguvu za vijana. Mwanzoni wapo waliokwenda kwa ahadi ya mshahara, lakini habari za kambini zilipofika vijijini, wa hiari wakaadimika. Katika Kenya ya leo sheria ya mwaka 1915 iliruhusu kuwachukua watu kwa nguvu, na mwaka 1917, jeshi lilipokuwa likipenya kusini mwa Tanganyika, ukafanyika msako mkubwa chini ya John Ainsworth, afisa wa serikali ya kikoloni, wilaya baada ya wilaya. Wengi waliuawa na maradhi: kuhara damu, malaria, homa ya mapafu. Watu waliokulia ndizi au uwele walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, wakaupika harakaharaka kwa kuni mbichi, na matumbo yao yakashindwa. Huko nyumbani pengo lilionekana shambani. Kufyeka pori jipya, kujenga maboma ya mifugo na kukesha kuwafukuza nguruwe ni kazi ambazo katika jamii nyingi zilikuwa za wanaume. Mke aliyeachwa na watoto na wazee alilima kile alichoweza, yaani shamba dogo kwenye udongo uliokwishachoka. Msimu mmoja wa namna hiyo hupunguza chakula. Misimu mitatu hula mbegu.

Mahali palipoonyesha jambo hili kwa ukatili wote ni Ugogo, nchi ya Wagogo katikati ya Tanzania ya leo. Reli ya Kati ilipita katikati ya nchi yao, na kila jeshi lililopita lilichota. Wajerumani walitwaa ng'ombe, nafaka na watu, na Waingereza walipoingia mwaka 1916 wakataka ng'ombe, unga na watu tena. Kisha ikaja njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, iliyodumu kuanzia 1917 hadi 1920. Wanahistoria hukadiria kwamba watu wapatao 30,000 walikufa katika wilaya iliyokuwa na wakazi kama 150,000, mtu mmoja katika kila watano. Kuna hoja inayostahili kujibiwa hapa: Ugogo ni nchi kavu, njaa haikuwa ngeni kwao, na hali ya hewa ya miaka ile ilikuwa mbaya. Kwa nini basi tuvilaumu vita kwa kosa la mawingu? Ni kweli mvua zilikuwa mbaya. Lakini kwa sababu ukame haukuwa mgeni, Wagogo walikuwa na ujuzi wa kuukabili. Ng'ombe alikuwa akiba yao: mvua zikikosekana, aliswagwa hadi kwa jirani mwenye mavuno na kubadilishwa kwa nafaka. Vijana walikwenda kuhemea mbali, na mwenye mifugo mingi aliwapokea ndugu na hata wageni waliokwama. Vita viliondoa ng'ombe, vikaondoa vijana wa kuhemea, na vikawafilisi majirani ambao wangehemewa. Mawingu yalileta uhaba. Uhaba ukageuka maangamizi kwa sababu kila mlango wa kutokea ulikuwa umefungwa tayari, na milango hiyo ilifungwa na watu.

Juu ya miili hiyo iliyodhoofu ikashuka homa ya mafua ya mwishoni mwa 1918, ikasafiri kwa meli, kwa reli na kwa miguu ya wapagazi waliokuwa wakirudishwa makwao. Vita ndivyo vilivyokuwa vimeitandikia njia.

Mabadiliko ya kudumu zaidi, kwa maoni yangu, yalikuja baada ya amani. Serikali iliyojifunza kumhesabu, kumtafuta na kumchukua mwanamume yeyote wa kijiji chochote haikuwa tayari kuusahau ujuzi huo. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa Kenya mwaka 1915, katikati ya vita, ikaanza kutekelezwa vita vilipokwisha: ndicho kipande, kilichovaliwa shingoni ndani ya kikopo cha bati. Mwaka 1919 wanajeshi wastaafu wa Kizungu waligawiwa mashamba, mengine yakimegwa katika ardhi ya Wanandi, ilhali wapagazi walirudi na vikohozi, na ujira wa wengi waliokufa haukuwafikia warithi wao kamwe. Kodi ikapanda. Harry Thuku alipokusanya watu Nairobi mwaka 1921 kupinga kipande, kodi na kupunguzwa kwa mishahara, alikuwa akisema juu ya mambo ambayo vita viliyazaa au kuyakaza. Alikamatwa Machi 1922, na umati uliokwenda kudai aachiwe ukamiminiwa risasi.

Wapo wanaosema kwamba vita hivyo hivyo vilifungua macho. Vijana wa makabila yasiyojuana walikutana kambini, Kiswahili kikaenea pamoja nao, ngoma ya beni iliyoanzia pwani ya Kenya ikasambaa bara na makundi yake hasimu ya Marini na Arinoti, na waliomwona Mzungu akiogopa na kukimbia hawakumcha tena kama zamani. Martin Kayamba, aliyefungwa na Wajerumani wakati wa vita, aliasisi chama cha watumishi Waafrika wa serikali huko Tanga mwaka 1922. Yote hayo yalitokea, nami siyabezi. Ila tuangalie ni nani aliyeyafanya. Kiswahili kilikuwa kikisafiri na misafara karne nzima kabla ya 1914, na vyama vya beni vilikuwapo kabla ya risasi ya kwanza. Watu walichukua walichokuwa nacho wakajijengea umoja katikati ya msiba. Kuviita vita mwalimu wao ni kumpa mchukuzi wa mali sifa za mwenye mali.

Jina la Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza, limebaki katika Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 inaonyesha mwanajeshi na bunduki yake. Ile ya Nairobi ina mpagazi pia, lakini hana jina. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri na kuomba radhi kwamba Waafrika na Waasia zaidi ya laki moja, pengine wengi zaidi, hawakukumbukwa kwa majina kama wenzao wa Ulaya. Orodha nyingi hazikuandikwa au zimepotea, kwa hiyo majina yaliyosalia yamo katika koo, vinywani mwa wazee waliosikia kwa wazee wao. Kama katika ukoo wenu yupo aliyechukuliwa kubeba mizigo asirudi, au bibi aliyebaki akilima peke yake mwaka wa Mtunya, ulizeni jina lake na kijiji chake, mwandike.